Mkebe wa Tatu

Shuka ilikuwa ya hospitali ya Kitete,
ina mhuri wa bluu kwenye pindo,
na hapo kwenye mhuri ndipo jua la maharamia lilipochomozea.
Ukumbi wa Klabu ya Reli, Tabora:
makarani vitini, sisi watoto sakafuni,
na Shigela fundi mitambo nyuma yetu, sigara sikioni,
akitufasiria Kiingereza ambacho naye alikuwa akikikisia.
"Anasema, lete dhahabu, la sivyo nakutosa."

Bahari hakuna aliyewahi kuiona kati yetu.
Ilikuwa maziwa na masizi,
ikipanda na kushuka juu ya makunyanzi ya shuka,
na kila upepo wa dirishani ulipovuma
merikebu iliyumba kwelikweli.
Kalunde alitapika karanga zake zote.

Mama akauliza, ukumbi mzima ukasikia:
"Na maji ya kunywa wanachota wapi?"
Alitoka foleni ya bomba la Isevya,
ndoo mbili tangu alfajiri.
Hakujibiwa. Baba, mtu wa boila,
alisikitika kimoyomoyo
kwamba chombo kikubwa vile hakina injini.

Lakini yule mtu!
Masharubu kama yamechorwa kwa wino,
shati wazi hadi kitovuni,
alikichoma kisu kwenye tanga, juu kabisa,
akateremka nacho, kitambaa kikipasuka chrrrrr,
akatua sitahani, akacheka.
Watu kumi wamemzingira kwa panga, yeye meno nje
kama aliyealikwa harusini akakuta pilau bado iko moto.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikaamua palepale
kwamba kuogopa ni kazi ya watu wengine.

Mkebe wa pili uliishia upanga uko kooni mwake.
Taa zikawaka.
Shigela akapekua sanduku, akapekua tena,
akavua kofia.
Mkebe wa tatu ulipandishwa treni ya jioni, kwa makosa,
pamoja na magunia ya barua;
saa ile ulikuwa Kaliua, safarini Kigoma.
"Alhamisi utarudi," akasema.
Alhamisi hiyo mpaka leo naingoja.

Kaka yangu Mihambo aliruka toka behewa hadi behewa
na jambia la ubao mdomoni. Mkono ukavunjika,
ukaunga umepinda. Akiulizwa husema: vita vya majini.

Mimi nikawa mkagua tiketi.
Miaka kumi na minne, Usoke, Urambo, Usinge, Malagarasi,
natoboa karatasi za watu
na kuchungulia stoo ya vifurushi kila stesheni
kama mtu aliyesahau mwavuli.

Mpaka siku moja, Mwanga, Kigoma,
penye kibanda cha migebuka ya kukaanga,
Mwavita, bila kuulizwa, akasimulia
kuwa utotoni waliletewa sinema isiyo na mwanzo.
"Walikuwa wanapigana tu. Hatukujua nani kamkosea nani,
tukashangilia wote."
Samaki akaniponyoka.

Nilimpa mwanzo wangu wote,
dhahabu, tanga, kicheko, hata karanga za Kalunde.
Yeye mwisho akaubana. "Njoo kesho."
Kesho yake alisema mwenye masharubu alishinda.
Mwezi uliofuata alizama na meli yake.
Siku ya posa yetu alisamehewa na mfalme;
na mwaka tulipomzika mtoto wetu wa kwanza
Mwavita alikaa kimya usiku mrefu, kisha akasema
alichoka, yule mtu, akatupa upanga,
akaenda zake Uvinza kuuza chumvi.
Huo ndio niliouamini.

Jana mjukuu kaja na simu yake.
Anaweza kuipata, anasema, yote, mwanzo mwisho,
dakika moja tu, babu.
Mwavita akanitazama. Nami nikamtazama.
Tukamtuma mtoto dukani.
Chumvi, tukasema. Chumvi imekwisha.